Mali, Daftari na Mwenye Daftari: Chipu ya Redio katika Mifugo ya Tarbaj

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ina harufu ya maduka na majahazi ya pwani, mahali ambapo mfanyabiashara alihesabu magunia na majora ya nguo. Hata hivyo, maana yake inadhihirika kwa uchungu mkubwa katika nyika za Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa katika kaunti kame za nchi. Mfugaji aliyepoteza kundi lake aliweza kumtaja kila ngamia kwa jina, kwa rangi, kwa mama yake na hata kwa bibi yake. Lakini ujuzi huo ulikaa kichwani mwake tu. Kenya haikuwa na daftari la kitaifa linalomtambua mnyama mmoja mmoja, na kwa hivyo mali ile ilipotea, na mbele ya dola ikawa kana kwamba haikuwahi kuwepo.

Tarbaj ni mojawapo ya sehemu ambazo suala hili linazigusa moja kwa moja. Eneobunge hili la Kaunti ya Wajir, lenye wadi za Elben, Sarman, Tarbaj na Wargadud, lilipiga kura kwa mara ya kwanza kama eneobunge linalojitegemea mwaka 2013. Liko kando ya njia itokayo mjini Wajir kuelekea Mandera, si mbali na mpaka wa Somalia. Uchumi wake ni ngamia, mbuzi, kondoo na ng'ombe. Katika miaka hii ambapo Kenya na majirani zake wanajenga mifumo ya kutambua mifugo kwa vifaa vya kielektroniki, swali la Tarbaj si kama teknolojia hiyo ni nzuri au mbaya. Swali ni nani atakayelishika daftari, na ni nani atakayeweza kulisoma. Makala haya yanashikilia kuwa chipu ya redio inaweza kumwokoa mfugaji wa Tarbaj kutokana na dhuluma ya muda mrefu, yaani kuhukumiwa kwa jumla, lakini kwa sharti moja: daftari lenyewe liwe lake kabla halijawa la mtu mwingine yeyote.

Chipu ni nini na hufanyaje kazi

Teknolojia ya utambuzi kwa mawimbi ya redio, ambayo hufupishwa kwa herufi RFID, imezungukwa na uvumi mwingi. Inafaa basi kuifahamu kabla ya kuihukumu. Chipu inayotumiwa kwa mifugo haina betri. Ndani yake mna vitu viwili vikuu: kipande kidogo cha silikoni chenye kumbukumbu, na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi ukawa koili. Chombo cha pili ni kisomaji, ambacho mtu hukishika mkononi au hukifunga kwenye lango la zizi. Kisomaji hutoa uga wa sumaku unaobadilika mara 134,200 kwa sekunde. Uga huo ukipita katika koili ya chipu, huzalisha umeme kidogo sana, kwa kanuni ile ile aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Umeme huo haba huiamsha chipu, nayo hutaja nambari yake, kisha hunyamaza. Kisomaji kikiondolewa, chipu hubaki kimya kama jiwe.

Masafa hayo ya chini hayakuchaguliwa kwa kubahatisha. Mwili wa mnyama umejaa maji, na maji huyameza mawimbi ya masafa ya juu, yale yanayotumiwa kuhesabia mizigo maghalani kutoka umbali wa mita kadhaa. Mawimbi ya masafa ya chini hupenya ngozi na nyama bila taabu, lakini hulipa gharama yake: hayafiki mbali. Kisomaji cha mkononi hulazimika kukaribia mnyama kwa sentimita chache tu au makumi ya sentimita, na hata kile cha langoni hakivuki sana mita moja.

Chipu yenyewe huvaliwa kwa njia tatu. Inaweza kutiwa ndani ya hereni ya plastiki itobolewayo sikioni. Inaweza kufungiwa ndani ya kidonge kizito cha kauri ambacho mnyama hukimeza, nacho kikatua tumboni na kubaki humo maisha yake yote. Inaweza pia kuwekwa katika kichupa kidogo cha kioo kinachodungwa chini ya ngozi, kama wanavyofanyiwa ngamia wa mashindano katika nchi za Ghuba. Kila njia ina ila yake. Hereni huonekana, lakini hukwama mibani na kukatika. Kidonge hakikatiki, lakini hakionekani kwa macho. Kichupa huhitaji mkono wenye ujuzi.

Nambari inayotajwa na chipu ina tarakimu 15, kwa mujibu wa viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785 vilivyotolewa mwaka 1996. Tarakimu tatu za mwanzo zinaweza kuwa za nchi: 404 ni Kenya, 706 ni Somalia, 231 ni Ethiopia. Kumi na mbili zinazofuata ni za mnyama mwenyewe. Zaidi ya hapo chipu ya kawaida haijui kitu. Haimjui mwenye mnyama, haijui kama amechanjwa, na kinyume na yanayosemwa na wengi, haijui mnyama yuko wapi. Haizungumzi na setilaiti. Habari zote hizo, kama zipo, zimo katika daftari lililoko kwingine, ndani ya kompyuta ya ofisi fulani. Chipu ni ufunguo tu, na nyumba ni daftari. Anayepewa ufunguo pasi na kuonyeshwa mlango hajapewa chochote.

Jambo jingine linafaa kukumbukwa. Wazo la kutambua kwa mawimbi yanayoakisiwa liliandikwa na Harry Stockman mwaka 1948, na katika miaka ya 1970 watafiti wa maabara ya Los Alamos nchini Marekani walilifanyia kazi kwa ajili ya ng'ombe, kwa ombi la wizara ya kilimo ya nchi hiyo. Kwa hiyo, teknolojia hii haikuletwa kwa mifugo baada ya kuchoka madukani. Mifugo ilikuwamo katika fikra za waasisi wake tangu mapema.

Chapa ya moto na chapa ya redio

Ingekuwa kosa kudhani kuwa wafugaji wa Tarbaj wanafunzwa kutambua mnyama kwa mara ya kwanza. Wasomali wana sumad, chapa ya moto inayochomwa shavuni, shingoni au pajani mwa ngamia, na kila ukoo una alama yake. Mbuzi na kondoo hukatwa masikio kwa namna maalumu. Ngamia aliyepotea akitokea kisimani mwendo wa siku tatu kutoka kwao, mchungaji yeyote anayekijua kitabu hicho cha ngozi humtazama, akajua ni wa nani na ni nani apelekewe habari.

Sumad na chipu zinatofautiana kwa mambo mawili mazito. La kwanza ni kwamba sumad inasema "sisi", ilhali chipu inasema "mmoja". Alama ya moto humtaja mnyama kwa ukoo wake, lakini haiwezi kumtofautisha na mwenziwe wa ukoo huo huo. Nambari ya chipu humtenga na ngamia wote duniani. La pili ni kwamba sumad husomwa na kila mwenye macho na malezi, ilhali chipu husomwa na mwenye kisomaji pekee. Kwa lugha ya wanafasihi, sumad ni matini iliyo wazi kwa jamii nzima, nayo chipu ni matini iliyofungwa. Mzee aliyekuwa msomaji mahiri wa ngozi za ngamia anaweza kugeuka mbumbumbu mbele ya mnyama wake mwenyewe, huku kijana mgeni mwenye kisomaji akimsomea mali yake.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Kila maandishi mapya huzaa wasomi wapya na wajinga wapya. Haitoshi basi kusifu usahihi wa chipu. Ni lazima kuuliza ni nani anayepoteza uwezo wa kusoma pindi inapoingia.

Hukumu ya jumla

Pamoja na hayo, kuna sababu nzito ya kuitaka teknolojia hii, na sababu hiyo imeandikwa katika historia ya maradhi na masoko. Mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 zilileta mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa unaoenezwa na mbu na kuua mifugo na watu. Katika iliyokuwa Wilaya ya Garissa pekee, watu wapatao 27,500 walikadiriwa kuambukizwa. Saudi Arabia ilizuia mifugo ya Pembe ya Afrika mwaka 1998. Ugonjwa ulipozuka katika ardhi yake yenyewe na Yemen mwaka 2000, ilizuia tena, na kwa Somalia zuio hilo lilidumu hadi 2009. Mwishoni mwa 2006 homa hiyo ilirudi, ikaanzia Garissa. Hadi ilipotulia mwaka 2007, Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684 na vifo 155, na masoko ya mifugo ya Kaskazini Mashariki yalikuwa yamefungwa. Juni 2018 ilizuka tena, safari hiyo katika Kaunti ya Wajir yenyewe.

Katika kila mkasa wa namna hiyo, aliyeadhibiwa si mwenye mnyama mgonjwa peke yake. Ni kila mwenye mnyama. Mfugaji ambaye mbuzi wake hawajakanyaga eneo la ugonjwa hana la kumwonyesha mnunuzi, kwa kuwa mbuzi wake na mbuzi wa jirani hawana tofauti katika macho ya soko. Hawezi kusema: huyu alichanjwa siku fulani, alikunywa bwawa fulani, hajatoka huko tangu mwezi fulani. Mahali pasipo na ushahidi wa mmoja mmoja, hukumu huwa ya wote.

Utambuzi wa kielektroniki unaweza kuivunja hukumu hiyo. Mnyama akisomwa siku ya chanjo, akasomwa tena sokoni, kisha machinjioni au bandarini, safari yake huwa na mashahidi. Ugonjwa ukizuka, wataalamu wa mifugo hurudi nyuma hatua kwa hatua, wakafunga eneo linalohusika badala ya kufunga mkoa mzima. Chipu haiponyi wala haizuii mbu. Inachofanya ni kumpa asiye na hatia njia ya kuthibitisha kuwa hana hatia. Kwa eneo lililozoea kufungiwa milango kwa pamoja, hilo si jambo dogo.

Ni sharti pia kutoipakazia chipu sifa isizokuwa nazo. Bima ya mifugo inayofuata misingi ya Kiislamu ilianza kuuzwa Wajir mwaka 2013, na mpango wa serikali wa bima ya mifugo ukaanza Wajir na Turkana mwaka 2015. Mipango hiyo haikumhitaji mnyama awe na nambari. Setilaiti hutazama ukijani wa malisho kutoka angani, na nyasi zikipungua kupita kiwango fulani, fidia hulipwa. Mfugaji anapoambiwa kwamba bila chipu hapati msaada wa ukame, ana haki ya kuuliza kwa nini, maadamu msaada wa aina hiyo umewahi kutolewa pasi na chipu.

Kumbukumbu ya kipande

Yeyote anayepeleka daftari Kaskazini Mashariki anapaswa kujua kuwa hatalikuta eneo lisilo na kumbukumbu ya madaftari. Neno "kipande", ambalo Wakenya hulitumia hadi leo kwa kitambulisho cha taifa, linatokana na enzi za ukoloni, ambapo sheria ya 1915 ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba hati yenye alama za vidole, akaivaa shingoni ndani ya kasha la chuma. Kaskazini kwenyewe kulifungwa kwa sheria za wilaya maalumu, na mtu hakutoka wala kuingia bila kibali. Baada ya uhuru, hali ya hatari iliyotangazwa mwishoni mwa 1963 haikuondolewa hadi 1991. Katika vita vya Shifta mifugo ilitwaliwa na kuuawa, yaani mnyama aliadhibiwa pamoja na mwenyewe. Februari 1984, katika uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na mji wa Wajir, wanaume wa ukoo mmoja walikusanywa na wengi wakauawa. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walifanyiwa uchunguzi wa pekee na kupewa kadi ya kuthibitisha uraia wao, jambo ambalo raia wenzao hawakutakiwa kufanya.

Kuna pia mkasa ulio karibu zaidi na suala la chipu, kwa sababu ni mkasa wa hifadhidata. Wakati wa ukame na njaa, raia wengi wa Kenya walijiandikisha kama wakimbizi katika kambi za Dadaab ili wapate chakula na matibabu. Miaka ilipopita, wakaenda kuomba vitambulisho vya taifa. Vidole vyao vilipowekwa kwenye mashine, kompyuta ilijibu kuwa ni wakimbizi. Daftari lililowalisha utotoni likawanyima uraia ukubwani. Mashine haikusema uongo, kwani walijiandikisha kweli. Lakini haikuwa na mahali pa kuandikia sababu, wala dirisha la kusahihishia.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kukomesha uchunguzi wa ziada kwa waombaji vitambulisho wa kaunti za mipakani. Hatua hiyo ilipokelewa kwa shangwe, na shangwe yenyewe ni ushahidi wa uzito wa jeraha. Watu wenye historia hiyo wakisikia kwamba sasa ngamia wao watapewa nambari ya serikali, hofu yao si ushamba. Ni elimu waliyoipata kwa gharama kubwa. Mwishoni mwa 2024, tangazo la kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo lilizua mabishano makali kote Kenya, hata katika sehemu zisizo na historia hiyo. Seuze Tarbaj?

Funzo kutoka kwa majirani

Afrika ina mifano ya kutosha ya kutazamia. Botswana ilianza kuwapa ng'ombe wake vidonge vya chipu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu soko la nyama la Ulaya lilitaka kujua mnyama alikotoka. Baadaye nchi hiyo iliviacha vidonge ikageukia hereni. Funzo lake ni la wazi: pale ambapo soko linalolipa vizuri liko tayari, mfugaji huiona faida ya nambari mfukoni mwake. Tarbaj haina kiwanda cha nyama kinachosubiri ng'ombe wake wala meli ya Ulaya. Kupeleka chipu bila kupeleka chanjo, maabara, soko na barabara ni kumvisha mtu kofia asiye na kanzu.

Tanzania ilipitisha sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo mwaka 2010. Zoezi la kuvisha hereni za kielektroniki lilipoanza zaidi ya miaka kumi baadaye, wafugaji walitakiwa kuzilipia, na malalamiko yao yakasikika hadi bungeni. Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa iliyounganisha chanjo na utambuzi. Muungano huo una busara ndani yake. Mfugaji anayeona mnyama wake akipata kinga siku ile ile anayovishwa hereni huelewa kwamba nambari imekuja na kitu. Nambari inayokuja peke yake, na bei juu yake, hufanana mno na kodi.

Suala la lugha

Wapenzi wa Kiswahili hawawezi kulipita jambo hili bila kulitazama neno lenyewe. Watanzania wameiita chipu ya sikioni "hereni", na neno hilo limekubalika. Hereni ni pambo. Ni kitu ambacho mtu humvalisha ampendaye. Lau ingeitwa "kipande cha ng'ombe", neno hilo lingebeba kasha la chuma na shingo za mababu. Majina si mavazi ya nje ya vitu. Huamua kama mtu atakikaribisha kitu au atakifungia mlango.

Hata hivyo, jina zuri halitoshi ikiwa daftari lenyewe limeandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, na imelipa dola wajibu wa kukuza lugha za wananchi. Mfugaji wa Sarman au Elben anaongea Kisomali nyumbani na hukutana na Kiswahili sokoni na ofisini. Fomu ya Kiingereza inayosainiwa kwa alama ya kidole si mapatano. Ni kunyamazishwa kwa adabu. Tafsiri ya daftari kwa Kisomali na Kiswahili haifai kuhesabiwa kuwa hisani itakayofuata fedha zikipatikana. Ni sehemu ya chombo chenyewe, sawa na koili na silikoni.

Masharti ya daftari la haki

Yakizingatiwa hayo yote, kuna masharti manne ambayo yangefanya chipu ya redio iwe neema kwa Tarbaj badala ya nira.

La kwanza, mfugaji asomewe kila kinachoandikwa na abaki na nakala. Tangu M-Pesa ianzishwe mwaka 2007, wananchi wengi wasiosoma vitabu wamejifunza kusoma ujumbe wa simu unaotaja kiasi, jina na salio. Mnyama anaposomwa sokoni, ujumbe wa namna hiyo unaweza kumfikia mwenyewe kwa lugha yake: nambari fulani imesomwa Wajir, saa fulani, na mtu fulani. Mahali ambapo mtandao haufiki, au minara ya simu imeharibiwa na mashambulizi, kisomaji kinaweza kuhifadhi habari na kuzituma baadaye, na mfugaji akapewa karatasi. Wizi wa mifugo hupungua pale ambapo mwenye mali ndiye wa kwanza kupata habari, si wa mwisho.

La pili, daftari liujue umiliki kama unavyojulikana na wenyewe. Katika mila za Wasomali mtoto hupewa mnyama azaliwapo, mke huwa na wanyama wake, na jamaa huazimwa ngamia wa maziwa ambaye hubaki mali ya mwingine. Kundi moja linaweza kuwa na wenyewe kumi. Fomu yenye nafasi moja tu ya "mmiliki" itamwandika mwanamume mkubwa wa boma, na kwa kalamu hiyo hiyo itawafuta mke, mtoto na mwazimishaji. Sumad pia iandikwe kando ya nambari, ili wazee waendelee kuwa wasomaji. Wajir ina urithi wa kutegemewa katika jambo hili. Azimio la Al-Fatah la 1993 lilionyesha kuwa wazee, wanawake na vijana wanaweza kujenga amani pale ambapo mkono wa dola ulikuwa mfupi. Kamati za amani zilizotokana na urithi huo zishirikishwe katika kulisimamia daftari na kuamua migogoro yake.

La tatu, matumizi yawe na mpaka uliowekwa na sheria. Daftari la mifugo lenye majina ya watu ni taarifa za watu, na linalindwa na sheria ya ulinzi wa data ya 2019. Januari 2020, katika kesi ya Huduma Namba, Mahakama Kuu ya Kenya ilikataza kukusanywa kwa vinasaba na kwa vipimo vya setilaiti vya mahali mtu anapoishi. Roho ya uamuzi huo inafaa hapa: kisichohitajika kisikusanywe. Habari zilizochukuliwa kwa ajili ya chanjo na soko zisigeuzwe za kodi au za usalama kwa siri. Aidha, Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutaka habari potofu zinazomhusu zisahihishwe au zifutwe. Lazima basi kuwe na dirisha la kusahihisha, liwe Tarbaj, si Nairobi. Mkasa wa Dadaab ulizaliwa na kukosekana kwa dirisha hilo.

La nne, gharama isimwangukie mwenye kidogo. Faida ya kuzuia maradhi ni ya taifa zima, na faida ya kuuza nje humfikia kwanza mfanyabiashara mkubwa. Ni haki basi kwamba hereni ya kwanza ilipwe na wanaofaidi kwa wingi, hasa baada ya ukame uliowaacha wafugaji mikono mitupu.

Wapo watakaosema kuwa masharti haya yanachelewesha maendeleo. Jibu ni kwamba daftari lisiloaminiwa hujazwa uongo. Mfugaji mwenye hofu atapeleka wanyama watano kuvishwa hereni na kuwaficha hamsini, na siku ugonjwa utakapozuka, serikali itakuwa na hesabu nzuri ya wanyama watano. Wapo pia watakaosema kuwa sumad inatosha. Sumad imetosha katika ulimwengu ambapo mnunuzi na muuzaji wanajuana kwa koo zao. Mnunuzi wa Jeddah hasomi shavu la ngamia, na hatajifunza. Kumkataa kwa sababu hiyo ni kuacha mlango ufungwe kila mvua kubwa zinaponyesha.

Hitimisho

Chipu ya redio ni kitu kidogo sana: haina betri, haina hiari, wala haina jingine la kusema ila nambari moja. Uzito wote uko katika kitabu kinachofunguliwa nambari hiyo inapotajwa. Kaskazini Mashariki imewahi kuandikwa katika vitabu vingi na wengine, mara nyingi kwa pamoja na mara nyingi kwa kushukiwa. Utambuzi wa mifugo unatoa nafasi adimu ya kuandika kitabu cha namna nyingine, ambacho mfugaji wa Tarbaj atakishika mkononi kuthibitisha kuwa huyu ni wake, alichanjwa, hajaugua, na bei yake ni halali. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hilo wahenga walilimaliza. Lililobaki kwa kizazi hiki ni kuhakikisha kwamba daftari likishaandikwa, habari zake zinamfikia mwenye mali.